Sahani ya Jafred

Habari za kifo cha Mama Khakasa zilinikuta Lumakanda nikipalilia mahindi, na kitu cha kwanza nilichomwuliza binti yake kwenye simu ni kama hoteli bado iko na ubao wa misumari bado uko ukutani. Nadhani alitarajia pole, au kilio, au niulize ni ugonjwa gani. Nilikuwa sijamwona mama yake kwa zaidi ya miaka thelathini, na hapa naulizia misumari. "Ubao uko, shangazi," akasema, "kwani nani alikuambia ulitolewa?" Nikakaa chini palepale kwenye mtaro, jembe likaniangukia mguuni, na sikusikia maumivu yake mpaka jioni. Hakuna aliyeniambia ulitolewa. Mimi nilikuwapo ulipotolewa, na ulitolewa kwa sababu yangu.

Nilikotoka na wazazi wangu walikuwa nani, hayo sitayaeleza, hayana kazi hapa. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka ishirini, nilikuwa mkali kuliko akili yangu, na kwamba mwaka ule mmoja nilifanya kazi ya jikoni katika hoteli ya Mama Khakasa, kando ya barabara itokayo Butere, hatua chache kabla ya lango la kiwanda cha sukari. Hoteli yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha udongo chenye meza mbili na mabenchi manne, jiko la kuni nyuma, na upande wa kushoto kachumba tulikolala wasichana, kilichotengwa na uwanja wa nyuma kwa bati moja lililotoboka kwa kutu. Nje, matrekta yenye matrela ya miwa yalipanga laini kungoja mizani. Kungoja huko hakukuwa kwa saa mbili tatu. Dereva alifika Jumatatu akapimiwa miwa yake Jumatano, na laini ikisonga naye hayupo, waliomfuata walimpita na akaanza upya mkiani. Kwa hiyo walikaa. Walikula kwetu, walilala chini ya matrela, na walikunywa busaa kwa jirani yetu, nyuma ya ua wa lantana, kuanzia asubuhi mpaka kuchoka.

Mama Khakasa hakuuza pombe wala hakumhubiria mnywaji. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mikono, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na jambo moja tu ambalo hakuna dereva aliyelibishia. Juu ya mlango wa jikoni alikuwa amepigilia ubao wenye misumari kumi na miwili. Ukitaka kupita ua wa lantana kwenda kunywa, ulipita kwanza kwake ukatundika ufunguo wa trekta. Hakuna sheria iliyowalazimisha. Walifanya hivyo kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na chakula, na kwa sababu, kama nilivyomsikia dereva mmoja akimweleza mgeni, "Huyu mama hakuulizangi umekunywa ngapi. Wewe weka kifunguo, uende ulewe na amani yako." Kuuweka kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kuupata tena.

Laini ikisonga, dereva alikuja mlangoni kudai ufunguo, na Mama alimpa ungo wa maharagwe. Ndani ya ungo alikuwa amechanganya mawe madogo, leo matano, kesho tisa, na idadi aliijua yeye peke yake. "Nisaidie kuchambua, mwanangu, macho yangu yamechoka," angesema, ingawa macho yake yaliona nzi akitua ng'ambo ya barabara. Dereva alichambua. Akiacha jiwe, alirudi kulala, na wenzake walimpita kwenye laini, wakicheka na kumtukana. Akiyatoa mawe yote, bado hakuwa amemaliza. Aliwekewa sahani. Alipaswa kula mpaka mwisho, Mama akiwa amekaa mbele yake na mikono kwenye mapaja, akizungumza naye habari za watoto. Nilifikiri hilo la kula lilikuwa ukarimu tu, labda na biashara kidogo. Nilikuwa mjinga wa mambo mengi mwaka ule, na hili ndilo ninalolijutia zaidi.

Jumamosi tulipika kuku. Obusuma na ingokho, ndivyo madereva walivyosema, ugali na kuku, na hawakulitaja jina la Jumamosi bila kulitaja hilo. Sasa, msomaji asiye wa kwetu lazima aelewe kitu kuhusu firigisi ya kuku, ambayo sisi twaiita imondo. Imondo si nyama tu. Ni ya mwanamume mwenye boma, au mgeni anayeheshimiwa, na bibi zetu hawakuionja mpaka wakaingia kaburini. Ugomvi umezuka kwenye harusi kwa sababu ya imondo iliyopotea ndani ya sufuria. Mama Khakasa aliiweka kwenye sahani ya dereva aliyekuwa karibu na mizani, na aliniambia sababu mara moja tu, tukinyonyoa manyoya. "Sikia, Petu, mtu anaweza kunidanganya na maharagwe. Lakini mwanamume wa huku akiacha imondo kwa sahani, huyo mwili wake hauko sawa. Usimpe ufunguo hata akilia." Nilisema ndiyo, Mama. Nilikuwa nafikiria jinsi maji ya moto yalivyokuwa yakiniunguza vidole.

Katika kachumba chetu nililala na Respa. Yeye alinizidi miaka miwili na alinizidi kila kitu kingine, urefu, sauti, kucheka, na ujuzi wa kubeba chupa kubwa ya chai na vikombe sita kwa mkono mmoja. Kazi yake ilikuwa kutembeza chai kwenye laini. Tulilala kitanda kimoja, miguu yake ikinifikia kifuani, na kila asubuhi aliniamsha kwa kunivuta kidole gumba cha mguu. Nilimpenda, ingawa wakati ule ningekuambia ananichosha. Kulikuwa na dereva mmoja, Jafred, kijana mpole mwenye mwanya, aliyekuwa akinunua chai ya Respa hata akiwa amekunywa vikombe vitatu tayari. Laini nzima ilijua. Walimtania mpaka wakachoka, na yeye alizidi kununua chai.

Mchana mmoja nilikuwa nimelala kidogo baada ya kuosha vyombo, nikawasikia wakizungumza upande wa pili wa bati. Jafred alikuwa akimweleza kuwa anataka kwenda kwa wazazi wake kujitambulisha. Respa alicheka, kisha akaacha kucheka. "Nitakujibu siku ile utaacha hiyo macho," akasema. "Macho" ndivyo walivyoita vidonge vya kuzuia usingizi, vilivyouzwa vikiwa vimefungwa kwa kipande cha gazeti. Dereva aliyekunywa busaa siku nzima alimeza viwili akasimama wima, akili ikimwambia kwamba hajalewa. "Si mimi peke yangu," Jafred akasema. "Wote wanamezanga. Nikilala laini inaniacha, Respa." Respa akamjibu, "Ile siku nilikuona umemeza, ulikuwa unaongea kama redio na mate imekauka kwa mdomo. Hata kukula ulishindwa. Mimi sitaki bwana wa hivyo." Nilisikia kila neno. Niligeuka upande nikalala, kwa kuwa mambo ya watu yalikuwa mambo ya watu.

Kisha ikaja ile Jumamosi ya mwezi wa nane. Mama Khakasa alikuwa na dada yake aliyelazwa hospitali ya Mukumu, na kwenda na kurudi ni kazi ya siku nzima. Asubuhi aliniita jikoni, akanionyesha ungo, akaninong'oneza, "Saba." Kisha akaniambia nisimamie ubao mpaka arudi. Hakumpa Respa kazi hiyo ingawa ndiye mkubwa, kwa kuwa Respa alikuwa na huruma na mimi nilikuwa na kichwa kigumu. Nilivimba kwa fahari. Respa alinipigia saluti kwa mwiko. "Leo wewe ndiye askari," akasema. "Nikiomba chumvi nikupe kitambulisho?" Nilimwambia aende na chai yake. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia, "Enda na chai yako," na nimejaribu miaka hii yote kukumbuka kama niliyasema nikitabasamu.

Jafred alikuja saa nane hivi. Wingu la mvua ya kila siku lilikuwa limeanza kujikusanya upande wa msituni, na jikoni kulikuwa na joto la kutisha. Tangu jana yake alikuwa kwa jirani, hilo nilijua, na nilitarajia kumwona akiyumba. Hakuyumba. Alikuja amenyooka, amenawa uso, akiongea tangu mlangoni, kuhusu mvua, kuhusu mizani, kuhusu mjomba wake aliyenunua ng'ombe kipofu. Niliweka ungo mbele yake. Sijawahi kuona mikono iliyochambua maharagwe kwa kasi ile. Jiwe la kwanza, la pili, la tatu, akayapanga mezani kwa mstari, mpaka la saba, na akasema, "Imeisha? Ama kuna ingine umeficha?" Nilicheka. Nilifurahi kwamba ameshinda, kwa kuwa alikuwa Jafred, na kwa kuwa nilitaka Mama akirudi nimwambie kwamba siku yangu ilienda vizuri.

Nikampa sahani. Alikuwa wa tatu kutoka mizani, hivyo imondo ilikuwa yake, iko juu ya ugali, inang'aa kwa mchuzi. Aliketi. Akakata tonge, akalifinya, akaliweka kando. Akakata lingine. Goti lake lilikuwa likicheza chini ya meza mpaka vikombe vikawa vinagongana. Midomo yake ilikuwa mikavu, ina weupe kwenye pembe, na aliendelea kuongea. Nilikaa mbele yake na mikono kwenye mapaja, kama Mama, lakini Mama alikuwa akimtazama mtu, mimi nilikuwa nikitazama mlango. Dakika kadhaa zikapita na hakuna kilichokwenda kinywani. Ndipo wakapiga kelele nje, "Laini imesonga! Laini imesonga!" Akaruka.

"Leta kifunguo, Petu."

"Hujakula."

"Nitakula nikirudi. Wewe, laini iniache juu ya kuku? Nimekaa hapa siku tatu. Si nimetoa mawe yote? Hesabu mwenyewe."

Niliangalia mawe. Yalikuwa saba. Niliangalia imondo. Nje walikuwa wakimwita kwa jina, na mmoja akapiga bati letu kwa fimbo. Namwona bado, amenyoosha mkono, kiganja kikiwa juu, anatabasamu kwa mwanya wake. Nilijua. Sitaki mtu aniambie kwamba nilikuwa mdogo na sikujua. Nilikuwa nimemsikia Respa kwa masikio yangu akieleza mtu aliyemeza macho anakuwaje, na huyo hapa alikuwa mbele yangu, mate yamekauka, chakula kimemshinda. Nilinyoosha mkono nikatoa ufunguo kwenye msumari wa nne nikampa.

Alipotoka nilibaki na sahani. Nilifikiria Mama akirudi na kuikuta. Ningeweza kuirudisha nyama sufuriani, lakini Mama alijua idadi ya vipande vyake, na imondo hairudi sufuriani bila mtu kuuliza nani aliikataa. Kwa hiyo niliila. Niliila haraka, nimesimama, nikiwa nimegeukia ukuta. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuionja, na nitasema ukweli, ilikuwa tamu. Kisha nikala paja, nikala ugali, nikameza matonge yale aliyoyafinya kwa vidole vyake. Nilikuwa natumbukiza sahani kwenye maji niliposikia trekta ikinguruma vibaya, chuma kikagonga chuma, na baada ya hapo mwanamume mmoja akalia kwa sauti ya mwanamke. Nilitoka mbio. Nilikuwa bado natafuna.

Respa alikuwa akikatiza kati ya trela moja na trekta iliyofuata, kama alivyofanya mara ishirini kwa siku, kufupisha njia kwenda upande wa pili. Trekta ya Jafred ilipaswa kusonga hatua kumi. Alikuja nayo kama mtu aliye barabara tupu, na walionusurika kugongwa walisema hakugusa breki hata kidogo, alikuwa akiongea peke yake. Ilimbana Respa kwenye trela ya mbele. Jafred alipomwona aliruka kutoka kitini akitaka kumvuta, na gurudumu la nyuma likampanda yeye mguu. Waliwabeba wote wawili kwa pikapu moja mpaka Kakamega. Chupa ya chai haikuvunjika. Ilikuwa imesimama kwenye majani, kifuniko kimefungwa, na niliibeba mpaka jikoni kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu. Respa aliishi siku mbili. Sikufika hospitali kumwona. Niliambiwa aliuliza kama Jafred amepona.

Mama Khakasa aliingia na mvua, khanga imemshika mwilini, ameshaambiwa njiani. Hakukaa chini. Aliniuliza amesimama mlangoni, na maji yalikuwa yakimtiririka kutoka kwenye viwiko.

"Alichambua?"

"Alichambua, Mama."

"Yote?"

"Yote saba."

Akaangalia mezani. Mawe yalikuwa bado yamepangwa kwa mstari. "Na alikula?"

Sahani ilikuwa kwenye kichanja cha vyombo, safi, inakauka. "Alikula," nikasema.

"Na imondo?"

"Na imondo."

Akaniamini. Ningependelea angenipiga. Alitikisa kichwa polepole, kisha akaenda mlango wa jikoni akasimama chini ya ubao akiutazama, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa amezeeka. Tulipomaliza kumzika Respa alichukua nyundo, akaushusha ubao, akang'oa misumari mmoja mmoja, akainyoosha juu ya jiwe, akaitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Madereva walisimama nje wakimtazama na kofia zao mikononi. "Niliwadanganya," akawaambia. "Hii kitu yangu haijui mlevi na mzima. Alichambua yote, akakula yote, na aliua mtoto. Kila mtu akae na kifunguo chake." Mzee mmoja wao alimsihi sana asiitoe. Akamjibu kwamba hawezi kuwapa watu imani ambayo yeye mwenyewe hana. Mimi nilikuwa jikoni nikichekecha unga. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, "hakula" na "niliila", na misumari ingerudi mahali pake jioni ileile. Niliendelea kuchekecha.

Mtu husema uwongo mara moja lakini huutunza kila siku, na kuutunza ule kulinichosha mpaka nikakonda. Kabla ya Krismasi trekta nyingine ilitoka kwenye laini, dereva amelewa mchana kweupe, ikamgonga mzee wa baiskeli kwenye daraja. Ufunguo wa trekta hiyo ungekuwa kwenye ubao wetu. Mama aliposikia alifunga hoteli siku nzima akakaa chumbani. Nilisimama nje ya mlango wake na uji, nikiwa nimeazimia kusema. Nilihesabu pumzi zangu. Kisha nikauweka uji chini nikabisha na kuondoka, na Januari ilipoingia niliaga, nikasema nimepata kazi Lugari, na sikurudi. Niliolewa, nikazaa, nikalima. Kila gari lililoua watu kwenye redio, na dereva akasemekana alikuwa amelewa, nilizima redio, na watoto wangu walikua wakifikiri sipendi kelele.

Ndivyo nilivyofika matangani nikiwa na ule mwaka wote kifuani. Boma lilikuwa limejaa. Jeneza lilikuwa chini ya hema, kwaya ya akina mama imevaa buluu, na nyuma ya nyumba mtungi wa busaa wa wazee ulikuwa umezungukwa kama kawaida ya matanga yetu. Niliingia kwanza hotelini, kwa mguu wangu mwenyewe. Mabenchi yalikuwa ya mbao mpya. Juu ya mlango wa jikoni ubao ulikuwapo, na funguo za magari na pikipiki zilizokuja mazishini zilikuwa zimetundikwa, misumari yote imejaa. Chini ya ubao alikuwa amekaa mwanamume mwenye mvi, mguu mmoja amenyoosha mbele haukunjiki, ungo wa maharagwe umelala mapajani. Alitabasamu na nikauona mwanya.

"Mama Linet," akaniita, kwa jina la mwanangu wa kwanza, ambalo sikujua kwamba analijua. "Karibu. Kaa. Mama alisema ukikuja usiulizwe kitu mpaka ukule."

Akainuka na gongo lake, akaingia jikoni, akarudi na sahani. Ugali, mchuzi, paja. Juu yake imondo. Nikaketi. Jafred akaketi pia, akanieleza kwa sauti ya kawaida kabisa, macho yake kwenye ungo. Alifungwa miaka sita. Alipotoka alikuja moja kwa moja kwa Mama Khakasa kumwomba msamaha, akamkuta akichota maji. Mama alimwambia, "Ulikula imondo yangu, ukatoa mawe yangu yote, na bado ukaniulia mtoto. Wewe ni mtu wa aina gani?" Naye akamwambia, "Mama, hiyo imondo sikukula. Nilishindwa hata na tonge moja. Nilikuwa nimemeza macho." Mama alitua ndoo. Akamsogelea mpaka Jafred akadhani atampiga.

"Alisema nini?" nikamwuliza.

"Aliuliza, 'Kwani Petu alikuwa na njaa? Nilikuwa simshibishi?'" Jafred akatoa jiwe kwenye maharagwe akaliweka mezani. "Hiyo ndiyo alisema. Alilia juu ya hiyo. Halafu akaniambia nimletee lile kopo la misumari."

Nililia na mimi, kwa sauti, bila haya, na waombolezaji waliopita mlangoni walidhani namlilia marehemu kama wengine. Ningeweza kuvumilia hasira yake. Kwa miaka thelathini nilijiandaa kwa hasira yake. Sikujiandaa kwa mwanamke aliyejiuliza kama alininyima chakula. Niliuliza kwa nini hakunitafuta, na Jafred akasema alinitafuta, alijua nyumba yangu, alijua majina ya watoto, lakini alisema nitakuja mwenyewe, na kila Jumamosi aliuliza kama kuna mgeni amekuja kutoka Lugari. Sahani ilikuwa mbele yangu inapoa. Sikuweza kuigusa.

Baada ya mazishi, wingu likiwa limeshuka, Jafred aliitwa kusaidia kukunja hema. "Kaa hapa na ubao," akaniambia, kama mtu anayeomba ashikiwe mwavuli. Akaninong'oneza, "Tano." Hakusubiri nikatae. Punde akaingia dereva wa basi la kwaya, mwanamume wa miaka thelathini hivi, amevaa vizuri, na harufu ya mtungi wa nyuma ya nyumba ikaingia naye. Alikuwa amenyooka. Alichukua ungo kabla sijampa. Moja, mbili, tatu, nne, tano, kwa mstari, upesi, huku akiniambia habari za barabara, za mvua, za kwaya inayopenda kuchelewa. Nje akina mama walikuwa wameshaanza kupanda basi, ishirini na kitu, viatu mikononi kwa ajili ya matope. Mmoja wao alikuwa akicheka kama Respa.

"Mama, kifunguo," akasema. "Mvua inatupata."

Nilimsukumia ile sahani yangu ambayo sikuigusa.

"Ah, asante Mama. Nimeshiba."

"Hata imondo?"

Aliiangalia. Nikaona koo lake likijaribu kumeza na halina cha kumezea, na weupe kwenye pembe za midomo. "Si leo, Mama. Nitakula tu nyumbani."

Nikainuka, nikatoa ufunguo wake kwenye msumari, nikauweka kwenye benchi, nikaukalia. Alidhani ni utani. Kisha akapaza sauti, akaniita mama mzee asiye na adabu, akasema hanijui, akasema kwaya itanilaani. Mwenyekiti wa kwaya aliingia na mwavuli kuuliza kuna nini, akaniomba kwa upole, kisha si kwa upole. Mvua ikaanza kupiga mabati na akina mama wakashuka kwenye basi wakija kujibanza hotelini, wamelowa, wananuna, wananitazama mimi. Lakini benchi lilikuwa zito na mimi si mwepesi tena.

"Keti, mwanangu," nikamwambia yule dereva. "Tutakaa hapa wote wawili mpaka hii imondo iliwe, na leo si mimi nitakayeila."